Mlango Uliosimama Kichwa Chini

“Hapana, Daktari, siyo wizi. Hayo ya wizi ni maneno ya watu wa huku juu. Mwizi gani mwenye akili zake anabeba mlango na kuacha vilivyo ndani?”

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la korido ya zahanati, mguu wa kulia ameunyoosha, maana goti lilikuwa limegoma kukunjika tangu pale mlima unapoanza. Useremala aliuanza hajaota ndevu, na sasa hata hizo ndevu zilikuwa nyeupe na chache. Mbele yake alisimama daktari mkuu, mama mmoja mpole mwenye miwani, mgeni kutoka mbali, daftari kwapani. Miaka miwili mizima amefanya kazi hapo bila kuuliza kwa nini watu wa bondeni wanaitwa Beba-Mlango. Leo ameuliza, na hakuwa anatafuta hadithi ya kupitisha muda.

Ameuliza kwa sababu Jumatatu asubuhi mlango wa stoo ya dawa ulikutwa umetolewa, umeegemezwa ukutani, kitasa chake kimefungwa vizuri kabisa na ulimi uko nje. Hakuna kilichovunjwa. Walipekua rafu zote, hakuna kilichopotea. Ila maboksi yaliyokuwa sakafuni yalikutwa yamepandishwa juu, kama kuna mtu aliyapanga ili aje kuyachukua baadaye. Na ufunguo wa stoo ile anao mtu mmoja tu, naye ni mkwe wake fundi, mume wa binti yake wa mwisho. Sasa ilikuwa Jumatano. Saa tisa mchana gari la wilayani lingepita kuchukua barua, na kwenye barua hiyo lazima pawe na jina la aliyeufungua mlango wa dawa bila ruhusa. Asipopatikana mwingine, ni mtunza stoo. Akishaandikwa hivyo, kazi hana, na nyingine ya maana hapati tena.

“Mwulize vizuri, Daktari,” alisema karani kutoka kwenye kidirisha chake cha kuandikishia wagonjwa. “Mimi nilimwambia yule jamaa siku anaoa. Nilimwambia, ukioa kule chini ujue umeoa na bisibisi.”

“Kufuli, endelea na kuandika,” fundi alijibu bila kugeuza shingo. Alijibu kama mtu anayefukuza nzi aliyemzoea.

Daktari akavuta kiti cha wagonjwa, akakaa. “Na Kufuli nayo ni nini?”

Hapo ndipo fundi alipovuta pumzi. Hadithi hii amekwisha kuisimulia mara nyingi mno: kwa watoto, kwa wajukuu, kwa madereva wa malori, kwa mtu mmoja aliyekuja na kinasa sauti na hakurudi tena. Ilikuwa imechakaa mdomoni mwake kama mpini wa nyundo. Lakini mkwe ni mkwe, na daktari alikuwa ameuliza kwa heshima.

“Basi nikwambie nilivyoambiwa na mama yangu,” alisema. “Yeye aliambiwa na mama mkwe wake, kwa hiyo ukiona kuna mahali pamepinda, usinilaumu mimi. Zamani kule bondeni nyumba zilikuwa za udongo. Ukuta wa udongo ukibomoka, unaujenga tena kwa siku tano. Paa la nyasi, siku mbili, na majirani wakiwa hawajagombana. Mlango sasa. Mlango ulikuwa wa mbao, na mbao zilikuwa zinatoka mbali, zinapasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, zinakaushwa mwaka. Kwa hiyo mto ukifura, mtu akishawatoa watoto na wazee, kitu cha tatu ni mlango. Anaunyanyua, anaupanda kama mtumbwi au anambebea mgonjwa, anakuja nao huku juu.”

“Kila mtu na mlango wake,” alisema Daktari.

“Kila mtu na mlango wake. Sasa wewe uko zako huku mlimani, unafungua dirisha asubuhi, unaona milango mia inapanda kwenye njia inakufuata. Utawaitaje watu wale?”

Daktari akacheka kidogo, akajizuia akitazama daftari.

“Na hawa wa juu walipoona ile milango, wakafunga mageti. Ndiyo wakaitwa Kufuli. Wenyewe wanasema walifunga kwa sababu ya mbuzi.”

“Walikuwepo mbuzi,” alisema karani.

“Mbuzi hawakosekani. Sisi tunasema walifunga kwa roho. Na wale wa sokoni, katikati pale, wanaitwa Nusu-Saa, kwa sababu ndio walioahidi kuleta mitumbwi baada ya nusu saa, na mpaka leo tunaingoja. Lakini ukiwauliza wenyewe watakuambia ni kwa sababu ya basi la zamani lililokuwa linasimama pale. Ukweli, Daktari, hakuna anayejua. Aliyejua alishakufa. Sisi tumebaki na majina, tunayavaa tu, kama koti la marehemu. Linabana kwapani lakini huwezi kulitupa.”

“Sawa, babu. Lakini mlango wa stoo yangu unaingiaje hapo?”

Fundi akasugua goti. Hili ndilo jambo lililomfanya apande mlima, na njia nzima alikuwa analitafuna bila kulimeza.

“Unaingia kwa sababu mlango ule niliutundika mimi,” alisema. “Miaka minne iliyopita, kabla hujaja. Na niliutundika kwa namna ya nyumbani.”

Akanyanyuka kwa kushika ukuta, akamwonyesha. Kwenye fremu kulikuwa na vipande viwili vya bawaba, pini zake zote mbili zinatazama juu. Mlango unakuja na vipande vyenye tundu, unashushwa juu ya pini, basi, umekaa. Ukitaka kuutoa, unaunyanyua. Juu ya mlango ameacha nafasi ya vidole vitatu ili unyanyuke. Na kwenye fremu, pale ulimi wa kitasa unapoingia, tundu lenyewe lilikuwa limechongwa refu kwenda juu, vidole vitatu vilevile, ili hata ukiwa umefungwa kwa ufunguo mlango unyanyuke tu. Mto haungoji mtu atafute ufunguo. Kule bondeni kila fundi anachonga hivyo, na ukimwuliza kwa nini, atakuangalia kama umemwuliza kwa nini anavaa shati kuanzia mikono.

“Sikukusudia,” alisema fundi. “Waliniambia tengeneza mlango wa stoo, nikatengeneza. Mikono ikafanya inachokijua. Nilishaondoka, nimeshalala na kuamka, miezi imepita, ndipo siku moja nikakumbuka kwamba huku juu mto haufiki. Nikasema nitarudi kurekebisha. Sikurudi. Kwa hiyo andika hivyo, Daktari. Andika mtunza stoo hakuhitajika, ufunguo haukuhitajika. Mlango huu mtu yeyote mwenye mikono miwili angeweza kuutoa. Kosa ni la fundi.”

Karani alikuwa ameacha kuandika. Daktari alivua miwani, akajifuta macho, akaivaa tena.

“Unaniambia kwa miaka miwili nimekuwa na stoo haina mlango.”

“Mlango unao. Mzuri. Ila hauzuii mtu.”

“Babu, nikiandika hivyo, nani atakupa kazi tena?”

“Nina miaka sabini na mbili, mwanangu. Naikimbilia wapi kazi?” Alisema hivyo kwa mdomo tu. Karakana yake haina kibao mlangoni. Kibao chake ni jina, na jina lilikuwa linakwenda ndani ya daftari.

Daktari hakuandika. Alisema, “Hii itapunguza lawama, haiimalizi. Wilayani watauliza, haya, mtu yeyote angeweza. Nani? Na mtunza stoo wangu nikimwuliza anatazama viatu. Mtu asiye na kosa anatazama viatu kwa nini?”

Fundi alichoka kusimama. Akageuka kutafuta pa kukaa, na kwa kugeuka kule akauona mlango wenyewe mwisho wa korido, pale walipouacha tangu Jumatatu, wamekatazwa kuugusa.

Ulikuwa umesimama kichwa chini.

Ukweli ni kwamba mtu mwingine asingeona kitu. Ni mlango umeegemea ukuta. Lakini fundi aliona kitasa kiko juu kuliko kinavyopaswa, aliona upande wa nje umegeuziwa ukutani rangi isichubuke, na chini, katikati ya mbao na sakafu, aliona kitambaa cha kijani kimekunjwa mara tatu. Hivyo ndivyo mlango unavyowekwa kwao. Upande wa chini umekula unyevu miaka yote, kwa hiyo ukiutoa unaupumzisha, unausimamisha kwa upande wa juu. Na huuweki mtupu sakafuni. Watoto wa bondeni wanafundishwa hilo kabla ya kufundishwa kufunga kamba za viatu.

Akatazama chini ya ukuta, karibu na mlango wa stoo. Kulikuwa na mstari hafifu wa rangi ya chai, kama upana wa kidole kutoka sakafuni. Maji yalisimama hapo. Akafuata mstari kwa macho mpaka kwenye bomba la kunawia mikono, ambalo shingo yake ilikuwa imefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Hakuna aliyelishangaa, kwa sababu bomba gani pale zahanati halikufungwa kitu?

Mtu wa bondeni, basi. Maji yaliingia stoo, mtu akatoa mlango, akapandisha maboksi, akakausha. Na watu wa bondeni wanaofanya kazi zahanati hawakuwa wawili. Alikuwa mmoja, mwanamke wa miaka sabini kasoro moja kwenye karatasi na sabini na tano kwa ukweli, anayepiga deki korido ile kila Jumamosi mchana wakishaondoka wengine. Kazi hiyo ameifanya miaka thelathini na mbili, amebakiza miezi minane apumzike. Tangu Jumatatu ametuma salamu kwamba anaumwa mgongo. Hakuna aliyemfikiria, kwa sababu hata ndoo siku hizi anaikokota.

Alikuwa dada yake fundi. Dada yake mkubwa, tumbo moja.

“Kuna kitu umeona?” aliuliza Daktari.

“Nimechoka tu,” alisema fundi, na hakuwa amedanganya. “Nipe mpaka saa tisa.”

Kushuka mlima watu wanasema ni rahisi. Wanaosema hivyo wana magoti. Fundi alishuka hatua moja moja akijisemea maneno. Akisema, mkwe anapona na dada anaumia. Na hawataandika kwamba ameokoa dawa, wataandika kwamba Beba-Mlango amebeba mlango, watacheka mpaka wilayani. Akinyamaza, binti yake anakaa na mume asiye na kazi, na ndugu wa mume kule juu watasema, si tulikwambia. Alipofika nyumbani alikuwa hajaamua kitu, isipokuwa kwamba anataka maji ya kunywa.

Yeye na dada yake wanakaa ua mmoja, vyumba vinatazamana. Mke wake fundi alikuwa jikoni, akamwona anapita.

“Chakula tayari,” alisema.

“Subiri kidogo.”

“Nasubiri tangu mwaka nilioolewa,” alisema mke wake, akafunika sufuria.

Dada alikuwa amelala ubavu, chupa ya maji ya moto mgongoni, uso ukutani. Chumba chake kilikuwa safi kwa namna ya kuogofya, hata waya wa taa ulikuwa umefutwa. Fundi akakaa kwenye kigoda. Hakusalimia vizuri, naye hakuitikia vizuri. Wakubwa wawili wakijuana sana, salamu zinapunguka.

“Umetoka juu,” alisema dada.

“Nimetoka.”

“Umeuona.”

“Kitambaa cha kijani, dada. Si kile cha pazia la mama?”

Dada akageuka polepole, akiuma meno kwa maumivu.

“Bomba lilifyatuka,” alisema. “Nilikuwa peke yangu. Nimeshamaliza deki, nageuka, naona maji yanapita chini ya mlango wa stoo yanaingia ndani. Mle ndani kuna pamba, kuna maji ya drip, kuna dawa za watoto kwenye maboksi ya karatasi, sakafuni. Mkwe wako ameshaondoka na ufunguo wake, ni Jumamosi. Unajua sikufikiri? Ningekimbilia kwa Daktari, nyumba yake si mbali. Sikufikiri kabisa. Nimeshtukia mlango uko mikononi.”

“Mlango mzito ule.”

“Usiniambie mimi, mwambie huyu mgongo.”

“Mbona hukuurudisha?”

“Wewe fundi unaniuliza hivyo? Kuutoa ni mtu mmoja, kuurudisha ni wawili. Pini mbili, zote ziingie pamoja. Nilijaribu mpaka nikaona nyota. Nikasema nitawahi Jumatatu alfajiri, nimwombe mkwe tusaidiane. Jumatatu siwezi kukaa. Kufika mchana nasikia watu wanapita njiani wanasema mwizi, Beba-Mlango kabeba mlango, wanacheka. Nikanyamaza. Na kila siku iliyoongezeka, mdomo ulizidi kuwa mzito.”

“Wanamwandika mkwe leo. Saa tisa.”

Dada akasema, “Miaka thelathini na mbili. Siku ya kwanza naingia pale, mhudumu mmoja akaniuliza, mlango wako umeuacha wapi. Nikajiapiza, jina hili sitalijibia. Nikafanya kazi mpaka wakasahau ninakotoka. Wakaniita Mama Usafi. Vijana wa pale hawajui kama mimi ni wa bondeni, unajua hilo? Hawajui. Nimebakiza miezi minane, niagwe kama Mama Usafi, nipewe hata kikombe. Sasa niende nikasimame mbele yao niseme, ni mimi, nimebeba mlango.”

Fundi akainamisha kichwa. Angeweza kusema mengi. Kwamba yeye pia amelitoa jina lake liandikwe asubuhi hii. Kwamba yeye ndiye aliyechonga tundu refu, kwa hiyo mwanzo wa mabaya ni yeye. Lakini mtu anachoka hata na maneno ya haki. 

Hodi ikapigwa. Alikuwa mkwe.

Mkwe wa fundi ni mtu mrefu, mtaratibu, anayefunga hata chupa ya maji mara mbili, Kufuli wa kuzaliwa. Amekaa bondeni miaka sita na bado majirani wanamtania kwamba akilala anafungia usingizi. Aliingia akiinama, akavua viatu mlangoni, akamwamkia shangazi wa mke wake, akamwamkia baba mkwe. Halafu akatoa mfukoni chupa ndogo ya dawa ya kuchua, akaiweka karibu na mto.

“Nimemletea shangazi. Ni ya mgongo.”

“Umejuaje ni mgongo?” aliuliza dada. “Nilituma salamu ni mgongo, lakini kila mwenye kukwepa kazi anatuma mgongo.”

Mkwe akatazama viatu vyake mlangoni.

“Wewe,” fundi alisema taratibu, “unajua.”

“Nilijua Jumatatu,” alisema mkwe. “Nilipouona umesimama kichwa chini. Baba, si wewe uliyenifunza? Mwaka ule tumebadilisha mlango wa chumbani, nikauweka vibaya, ukanigombeza mbele ya mke wangu.”

“Nilikugombeza?”

“Sana.”

“Na siku zote tatu wanakuuliza.”

“Wananiuliza.”

“Na hukusema.”

“Ningesemaje? Shangazi ndiye aliyetupokea siku wazee wangu hawakutaka kuja. Alinipa kiti.” Alisema hivyo kama anaeleza jambo la kawaida, kama mtu anayetaja bei ya chumvi. “Kazi nitatafuta. Nilikuja kumwambia tu asiwe na wasiwasi. Atulie apone.”

Nje, mke wa fundi alisikika anafunua sufuria, anafunika tena, kifuniko kikigonga kwa hasira.

Dada akashika ukingo wa kitanda. “Kumbe huyu Kufuli amefunga mdomo wake kwa ajili yangu,” alisema, “na mimi nimelala hapa najionea huruma. Nipe mkono.”

“Shangazi, usi…”

“Nipe mkono, mtoto. Na viatu vyangu viko chini ya kitanda, vile vya kazini. Sitakwenda na ndala.”

Walipanda watu watatu, kwa mwendo wa kusikitisha. Dada katikati, mkono mmoja kwa kaka, mwingine kwa mkwe, na kila kona wanasimama wanajifanya wanatazama bonde. Mara mbili fundi alidhani hawatafika. Mara moja dada alikaa kwenye jiwe la shamba la watu na kusema wamwache hapohapo, awe mpaka wa shamba. Mkwe akataka kumbeba. Dada akamwambia ajaribu aone. Sokoni, muuza mkaa mmoja akawauliza wanakwenda wapi na haraka hiyo, na dada akamjibu kwamba wanarudi baada ya nusu saa.

Saa nane na dakika arobaini walikuwa kwenye korido. Wagonjwa walikuwa wamekwisha, wahudumu wawili vijana wanakunja mashuka, karani anafunga kidirisha. Daktari alikuwa mezani, karatasi iko mbele yake, imeandikwa nusu.

Dada hakukubali kukaa. Alisimama ameshika meza, akasema yote kuanzia bomba mpaka kitambaa. Akasema, “Mimi natoka bondeni. Sijui kama mlikuwa mnajua. Maji yakija tunatoa mlango, hatuulizi. Ni kosa, nilipaswa kukuita. Lakini huyu msimwandike, hakugusa kitu.”

Mmoja wa wale vijana aliacha shuka. “Mama Usafi, kumbe wewe ni Beba-Mlango?”

“Ndiyo,” alisema dada. “Na wewe unakunja shuka vibaya.”

Daktari alikwenda mwenyewe mpaka kwenye bomba, akaugusa ule utepe wa mpira. Akachuchumaa akatazama mstari ukutani. Akaingia stoo, akavuta boksi moja la dawa za watoto kutoka juu, akaligeuza chini: kona imelowa na kukauka, kona moja tu. Alikaa mle ndani peke yake muda kidogo. Alipotoka alichana karatasi iliyoandikwa nusu, akaanza nyingine.

“Nitaandika kilichotokea,” alisema. “Bomba, maji, mlango, mgongo. Wakicheka, wacheke. Mtunza stoo anabaki. Mama, wewe kesho na kesho kutwa hutokanyaga hapa, huo mgongo umeuumiza kazini na nitaandika hivyo pia. Na babu, huo mlango.”

“Nilijua utakuja hapo,” alisema fundi.

“Siwezi kuwa na stoo ya dawa inayofunguliwa na kila mtu mwenye mikono.”

“Naelewa.”

Karani ndiye aliyekwenda kutafuta bisibisi, hakutumwa. Fundi akafungua bawaba ya juu, akaigeuza, pini yake ikatazama chini. Kazi ya dakika kumi, mtoto angeiweza. Ukishafanya hivyo, pini ya chini inakataza mlango usishuke na pini ya juu inakataza usipande, na hakuna wa kuubeba tena. Mkwe na karani walishika mlango, huku na huku, fundi akakaza skurubu. Mkono ulisita kwenye ya mwisho. Katika maisha yake yote alikuwa hajawahi kutundika mlango usiotoka.

“Na siku maji yakija?” aliuliza dada kutoka kwenye benchi, mwishowe amekubali kukaa.

“Yakifika huku juu, dada, hata mlango hautatusaidia,” alisema fundi, akakaza.

Gari la wilayani lilipita saa tisa na nusu, likachukua barua, likaondoka. Daktari akafunga ofisi. Akasema atashuka nao amkande mama yule mgongo vizuri, kwa sababu dawa ile ya mkwe ilikuwa ya misuli ya ng'ombe. Karani akasema naye anashuka, ana shughuli zake huko sokoni. Walipopita soko hakukata kona, na hakuna aliyemkumbusha.

Njiani Daktari alisema, bila kuulizwa, kwamba kwao wanaitwa Rudi-Nyuma. Ukiwaaga wanakwenda hatua kumi, wanarudi kusema kitu walichosahau, wanaaga tena.

“Kwa nini?” aliuliza dada.

“Sijui. Babu yangu alikuwa na sababu yake na bibi alikuwa na yake, hawakuwahi kupatana.”

“Basi ni jina la kweli,” alisema fundi.

Jua lilikuwa bado juu ya mabati walipoingia uani. Binti yake fundi alikuwa amesimama mlangoni kwa shangazi tangu hajui saa ngapi, akamtazama mume wake usoni, akaona kilichopo, akaingia ndani haraka kama anafuata kitu. Mke wa fundi alitoka jikoni na mwiko, akawahesabu kwa kidole, watano, na yeye na binti ni saba.

“Nimepasha mara tatu,” alisema. “Wali umekuwa mkavu, maharage yameanza kushika chini. Nisisikie mtu analalamika.”

“Hatulalamiki,” alisema karani.

“Wewe ni nani?”

“Mimi ni Kufuli, mama. Karani wa zahanati.”

“Basi Kufuli, chukua hilo benchi kule ulete hapa kivulini. Na wewe mwenye miwani, mwanangu, maji ya kunawa haya hapa.”

Dada akawekewa mito miwili kwenye kiti chenye mgongo. Fundi akatafuta mahali pa kunyooshea goti, akapata kando ya mkwe wake. Binti akarudi na sahani, macho mekundu, akaanza kupakua kuanzia kwa shangazi. Mke wa fundi ndiye aliyebaki amesimama, mwiko mkononi, akiangalia nani hana kijiko.

“Kaa na wewe,” fundi alimwambia.

Akakaa.